Yaliyosemwa Baada ya Amina

Kabla sijawaambia lolote kuhusu siasa, nitawaambia kuhusu kiti. Siku utakapoitwa kuandika kumbukumbu za mkutano wa vyama vilivyoungana, chagua kiti kilicho karibu na mlango. Wenye vyama watapigania viti vya mbele, na wewe waache wapiganie. Ukikaa mlangoni utamwona kila anayetoka akiwa amekasirika, utasikia anachonong'ona akipita, na baada ya muda utajua ni nani aliyekwenda msalani kweli na nani aliyekwenda kumpigia simu mtu wa chama kingine. Hayo hutayaandika, lakini yatakusaidia kuelewa yale unayoandikishwa.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa karibu miaka ishirini niliandika kumbukumbu za kamati ya muungano wa vyama hapa Eldoret, katika chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, ambapo harufu ya dawa ya kupe ilikuwa ikipanda mpaka juu na kuhudhuria mikutano yote bila kuomba udhuru hata mara moja. Majina ya vyama sitayataja. Wenyewe wameyabadilisha mara nyingi mno, na hata wangeyasoma hapa sidhani kama wangejitambua. Vyama viwili vikubwa nitaviita Kofia na Mtungi. Kile kidogo nitakiita Kengele, na kwa upande wetu wa nchi hicho kilikuwa na mwanachama mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, katibu na umati.

Mwenyekiti wa Kofia tulimwita Mheshimiwa, ingawa hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa monita wa darasa. Mwenyekiti wa Mtungi tulimwita Injinia, na mpaka leo sijaona daraja wala choo alichojenga. Mimi waliniita Karani, na jina hilo likanifuata mpaka kanisani. Nilitoka kwetu magharibi nikiwa na cheti cha kupiga chapa na shati moja la maana, nikapata chumba katika mtaa wa West Indies, na kila asubuhi nilitembea mpaka mjini na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimwa na wanasiasa. Ile ya kuazimwa haikuwa inarudi, kwa hiyo nawashauri iwe ya bei rahisi.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Agneta. Alikuwa ameandika kumbukumbu tangu enzi za chama kimoja, wakati mikutano ilikuwa mifupi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubishana naye. Alivaa miwani iliyoshikiliwa kwa uzi mweusi na alikuwa na mwandiko ambao ungeweza kusomwa kutoka upande wa pili wa barabara. Nilikuwa na mdomo mrefu siku hizo, nikidhani kazi ya karani ni kuandika anachosikia. Alinitazama akacheka, akaniacha niandike mkutano wangu wa kwanza peke yangu.

Niliandika kila kitu. Niliandika kwamba Injinia alisema Mheshimiwa hawezi kuongoza hata foleni ya kununua unga, na kwamba Mheshimiwa alijibu kwa maneno yaliyomhusu mama mzazi wa Injinia. Mwezi uliofuata nikasimama, nikasoma yote kwa sauti safi, ili wathibitishe kama ni sawa. Ugomvi ukaanza upya kuanzia pale ulipoishia, safari hii wakigombana kuhusu nani alisema nini kwanza. Na mimi, mwana wa watu, nikauandika ule nao. Mwezi wa tatu nikasoma kumbukumbu za ugomvi wa kuthibitisha kumbukumbu za ugomvi. Mama Agneta ndiye aliyenivuta shati nikae chini.

Baada ya hapo alinifundisha lugha yetu. Watu wawili wakikaribia kurushiana viti, unaandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo kwa kina. Mtu akitoka na kuubamiza mlango mpaka chokaa ikaanguka, unaandika kwamba aliomba udhuru. Wakishindwa kabisa, unaandika kwamba suala hilo lilipelekwa kwenye kamati ndogo, na hiyo kamati ndogo hata usijisumbue kuitafuta. Alinifundisha pia sehemu inayoitwa yatokanayo, pale kila mkutano unapotakiwa kuuliza yale tuliyoahidi mara iliyopita yamefika wapi. Katika muungano wetu sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Chini ya yatokanayo niliandika "Hakuna" kwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyenisahihisha.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la maombi. Mikutano ya huku kwetu, mnajua wenyewe, hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Mama Agneta aliniambia kwamba kazi ya karani iko katikati ya Amina mbili. Baada ya Amina ya pili unafunga kalamu, unaitia mfukoni na unapokea chai. Nililishika neno hilo kama amri. Sikujua kwamba Mheshimiwa na Injinia nao walikuwa wamelishika, tena vizuri kuliko mimi.

Ngoja kwanza niwaambie habari ya meza, maana wengine mtadhani natia chumvi.

Tulikuwa na meza ndefu, na meza ndefu ina kichwa, na kichwa kilitakiwa na Kofia na Mtungi kwa wakati mmoja. Mikutano minne ilipotea hapo. Mtu wa Kengele, ambaye kwa kuwa hakuwa na wafuasi alikuwa na nafasi ya kufikiri, akapendekeza meza ya duara. Wote wakapiga makofi. Fundi wa jua kali akapewa kazi, akaunda meza nzuri ya msonobari, kubwa, iliyong'arishwa mpaka ukajiona. Siku ya kuileta ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyepima mlango. Meza ilikwama kwenye kona ya ngazi za kupandia, wateja wa dawa za mifugo wakawa hawawezi kutoka wala kuingia, na Injinia akatoa maelekezo ya kitaalamu yaliyoifanya ikwame zaidi.

Mwishowe fundi aliikata katikati kwa msumeno, palepale kwenye kona. Nusu moja ikachukuliwa na Kofia na nusu nyingine na Mtungi. Zilipounganishwa chumbani hazikukutana vizuri, likabaki pengo la kutosha kuangusha kikombe, na hapo ndipo tulipomkalisha mtu wa Kengele. Nchi nzima ilishasikia habari ya serikali ya nusu mkate, ile waliyogawana mahasimu wawili. Sisi tulikuwa na nusu meza, na niliandika kwamba samani mpya zilipokelewa kwa shukrani.

Mkataba wenyewe wa muungano mtauliza ulikuwa wapi. Ulikuwepo. Ulitiwa sahihi mbele ya kamera huko Nairobi, na sisi wa mashinani tukatumiwa nakala ya ukurasa mmoja, ule wa sahihi. Kila kulipotokea mzozo Mheshimiwa aliunyanyua ukurasa huo na kusema kila kitu kimo humo. Nimeusoma mara nyingi. Ulikuwa na sahihi, mihuri na alama ya kikombe cha chai.

Kisha zikaja simu. Tulipoingia kwenye WhatsApp nilidhani kazi yangu imekwisha, kumbe imeongezeka. Kulikuwa na kundi la Muungano Imara, halafu Mtungi wakajitoa wakaunda Muungano Imara Halisi, halafu mtu wa Kengele akaunda lake akawa anajibu salamu zake mwenyewe. Nyinyi wa leo mnarekodi sauti, mnapiga picha, mnaandika mkutano haujaisha. Ni vizuri. Lakini nimeona kijana wa kisasa akizima simu yake vilevile sisi tulivyofunga kalamu, na huzima wakati uleule.

Wakati huo ni wa chai.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu haya mengine yote nimeyasema nikikaribia hapa polepole. Ndani ya mkutano wetu hakuna lililoamuliwa. Ndani ya mkutano watu walihutubia. Mambo yaliamuliwa baada ya maombi ya kufunga, wakati chupa za chai zimefunguliwa na watu wamesimama wawili wawili na vikombe mkononi. Hapo ndipo wodi zilipogawanywa, hapo ndipo mtu alipoambiwa asimame au asisimame. Na kwa kuwa yalisemwa baada ya Amina, hayakuwa popote. Akikataa mtu kesho yake, hakuna pa kumshikia. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake, mwenye kalamu iliyofungwa.

Madam Selina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko nje ya Burnt Forest. Mnaijua hali ya kule. Ile miaka ya vurugu majirani walichomeana nyumba, na shule ilipofunguliwa tena darasa lake lilikuwa limebaki nusu. Yeye alikuwa ameiokoa rejista. Kila asubuhi akawa anaita majina yote, hata ya watoto waliokimbia, jina baada ya jina, na pale pasipokuwa na sauti alisubiri kidogo kabla ya kuendelea. Watoto waliporudi nyumbani walisimulia. Habari ikatembea mpaka kwenye kambi za waliokimbia, na wazazi wakasikia kwamba kuna mtu bado anawaita watoto wao. Mmoja mmoja wakaanza kurudi. Hayo sikuyasikia kwake, niliyasikia kwa mama mmoja muuza viazi ambaye mwanawe alikuwa katika majina hayo.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba anagombea udiwani kwa tiketi ya Kofia, watu wa pande zote mbili walifurahi. Sheria ilimtaka aache kazi ya ualimu kwanza, akaacha. Alikuwa amebakiza miaka saba astaafu. Mlishike hilo.

Shida ikawa kwamba Injinia alikuwa na mpwa wake, na huyo mpwa alikuwa anataka wodi ileile kwa tiketi ya Mtungi. Injinia akasema vyama vilivyoungana haviwezi kushindana, lazima mmoja amwachie mwenzake, na kama atakayeachiwa si mpwa wake basi Mtungi watafungasha. Tukaitisha mkutano. Madam Selina akaalikwa, akaja na gauni la kanisani na mkoba aliouweka juu ya magoti. Walizungumza kwa saa tatu kuhusu umoja. Niliandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo kwa kina, na kwamba suala la wodi litaendelea kujadiliwa. Kisha Injinia mwenyewe akajitolea kufunga kwa maombi, akaomba kwa muda mrefu sana, akimsihi Mungu amguse dada yetu moyoni na kumpa roho ya kujitolea.

Amina. Nikafunga kalamu. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikizungusha sahani ya mandazi.

Mheshimiwa alimwendea Madam Selina pale dirishani, Injinia akiwa nyuma yake. Nilikuwa nimefika mbele yao na sahani yangu, hatua moja tu.

"Madam, hii wodi tuachie," Mheshimiwa akasema. "Wewe jina lako litakuwa number one kwa ile list ya kuteuliwa. Nakuambia mbele ya Mungu, na si ndiye tumetoka kuongea na yeye saa hii?"

"Hiyo itaandikwa?" akauliza.

Mheshimiwa akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto. "Kwani maombi huandikwa, Madam?"

Akanitazama mimi. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu, lakini najua nilichompa. Nilimpa andazi. Akalipokea, akasema asante, na akasema sawa, kama ni kwa ajili ya amani ya watu wa kule, ataachia.

Baadaye nilikuja kuelewa hesabu yake. Yeye ni mtu wa kanisa kwelikweli. Kwake yeye, neno lililosemwa mara tu baada ya maombi lilikuwa na uzito kuliko lililosemwa kabla, kwa sababu ni kama Mungu bado hajaondoka chumbani. Sisi tulifanya hesabu hiyohiyo kinyume. Kwetu, tukishasema Amina, Mungu ameshaenda zake na karani naye amefunga kalamu, basi watu wako huru. Sijui kama kuna mahali pengine duniani watu wanaweza kukosana namna hiyo wakiwa wameomba pamoja.

Aliachia. Alipanda jukwaani sokoni akamshika yule mpwa wa Injinia mkono na kuuinua juu, na watu wakapiga makofi kwa sababu walimwamini yeye. Kijana akashinda. Katika hotuba ya shukrani alimshukuru Mungu, akamshukuru mjomba wake, na kule wodini hajaonekana sana tangu hapo. Orodha ya madiwani wa kuteuliwa, wale wanaoingia bila kupigiwa kura, ilipotoka gazetini, Madam Selina aliinunua nakala yake kwa muuza magazeti pale karibu na ofisi za kaunti. Aliipitia yote. La kwanza lilikuwa jina la shemeji yake Mheshimiwa. Lake halikuwa la kwanza, wala la mwisho.

Alileta malalamiko kwenye kamati ya usuluhishi ya muungano. Watu watatu, mmoja wao wakili, wakakaa kwenye ile meza yetu yenye pengo. Siku moja kabla, Mheshimiwa alikutana nami nikipanda kwenda ofisini. Hakunitisha. Alinishika bega akaniuliza habari ya nyumbani, kisha akasema, "Karani, wewe ni mtu wa kazi. Unajua kazi yako huishia wapi."

Nilijua. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili, na kwa umri wangu hakuna ambaye angeniajiri tena. Nawaambieni hivyo ili mjue bei, sio ili mnionee huruma.

Wakili aliniomba nisome kumbukumbu za mkutano ule. Nilisimama nikasoma mpaka mwisho, kwa sauti ileile safi: mkutano ulifungwa kwa maombi saa kumi na dakika ishirini alasiri. Wakili akamuuliza Madam Selina ahadi anayoidai imeandikwa wapi. Yeye hakumjibu wakili. Aligeuza kiti kunielekea mimi.

"Karani, ulikuwa umeshika sahani ya mandazi," akasema. "Waambie."

Kulikuwa na kelele za mikokoteni kule chini, na harufu ya ile dawa ya kupe. Mheshimiwa alikuwa akitazama kucha zake. Na mimi nikasema, "Kumbukumbu zangu zinaishia kwenye Amina."

Hakulia wala hakubishana. Alikunja ule ukurasa wa gazeti mara mbili, akautia mkobani, akaishukuru kamati. Akaishukuru kamati, nyinyi watoto. Ningefurahi kama angenitukana. Malalamiko yalitupiliwa mbali kwa kukosa ushahidi, na niliandika hivyo kwa mkono wangu, kwa mwandiko ambao Mama Agneta angeusifu.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo. Vyama vyote vitatu vilichanga, wakanipa saa ya ukutani ambayo iko mbele kwa dakika tano na haisikii kurekebishwa. Mheshimiwa alitoa hotuba. Alisema kwamba katika miaka yote hiyo Karani hakuwahi kuandika hata neno moja lililowaletea matatizo. Watu walicheka na kupiga makofi, na mke wangu akanipangusa bega kwa fahari. Mimi niliona aibu, nikaiweka keki yangu chini. Nilikuwa nimesifiwa kwa jambo lilelile lililonitia aibu.

Sasa tena vyama vinaungana. Mnasoma wenyewe. Waliokuwa hawasalimiani mwaka juzi wanakumbatiana, na juzi hapa binti mmoja aliyeajiriwa kuwa katibu wa muungano mpya alikuja kwangu West Indies na kompyuta yake mgongoni, ananiuliza siri ya kazi ni nini. Nikamwambia siri iko kwenye chai. Akacheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Nikamwambia akishasema Amina asizime kitu. Aulize kwa sauti, mbele ya wote, "Mheshimiwa, hilo ulilomwambia huyu niliandike?" Wakikataa, aandike kwamba wamekataa. Pengine watamfukuza. Sikumficha hilo. Lakini nilimwambia pia kwamba mimi sikufukuzwa, na akaona mwenyewe nilivyo.

Baada ya binti yule kuondoka sikutulia. Ni rahisi kumfundisha mtu ujasiri ambao wewe hukuwa nao. Wiki ileile nikapiga pasi shati, nikaenda Burnt Forest.

Madam Selina hakurudishwa kazini. Analima viazi, anafuga ng'ombe wanne, na ni katibu wa kikundi cha maziwa. Nilimkuta kwenye banda la kikundi, mkutano ndio unaanza, watu kama kumi na mmoja wamekaa kwenye mabenchi na mitungi ya maziwa miguuni. Walikuwa watu wa pande zote mbili, niliwajua kwa majina walipokuwa wanaitana. Alinitambua. Hakushangaa wala hakutabasamu, akaniuliza tu nimekuja kwa jambo gani. Nikasema nimekuja kusema na yeye pembeni. Akasema hapo hawana pembeni, akanionyesha benchi, akaandika jina langu kwenye daftari katika sehemu ya mengineyo.

Nikawa naangalia namna wanavyofanya kazi, maana jicho la karani halistaafu. Walifungua kwa maombi kama kawaida. Halafu yakaja yatokanayo, na hapo nilikaa wima. Alisoma jambo moja moja waliloahidiana mwezi uliopita, na aliyeahidi alisimama akajibu. Mzee mmoja alikuwa ameahidi kurekebisha lango na hakulirekebisha, akaona haya mbele yetu sote, akapewa mpaka Jumamosi. Kisha chai ikaletwa, mkutano ukiwa bado wazi na daftari likiwa bado wazi. Watu walikunywa wakizungumza, na yeye kikombe chake kilikuwa kushoto na kalamu kulia.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama na kikombe mkononi, nikasema nilichosikia siku ile dirishani, neno kwa neno, nikasema nani alisema na nani alikuwa nyuma yake, na kwamba niliulizwa mbele ya kamati nikaificha kwa sababu niliogopa kupoteza kazi. Nikasema ninaomba msamaha. Sauti haikuwa safi. Yule mzee wa lango alikuwa ameinamisha kichwa. Madam Selina aliandika yote bila kuinua macho, kisha akasimama akanisomea. Hakuwa ameandika kwamba wajumbe walibadilishana mawazo. Alikuwa ameandika, "Karani alikiri kwamba ahadi ilitolewa, kwamba aliisikia, na kwamba aliificha. Akaomba msamaha." Akaniuliza kama ni sawa, nikasema ni sawa. Akanipa kalamu nikatia sahihi, na kwa mazoea nikataka kuitia mfukoni. Akanyoosha mkono nikamrudishia.

Ndipo mama mmoja akafunga kwa maombi, mafupi, watu wakachukua mitungi yao na kutawanyika bila kunong'ona.

Nilimfuata mpaka nje. Alikuwa akilifunga daftari kwa kipande cha mpira. Nilikuwa nimelisikiliza likisomwa kwa makini sana, na kulikuwa na neno moja ambalo nililingojea na halikuwemo. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Akanitazama kama siku ile ya andazi, kwa muda uleule.

"Karani, tumeshaomba," akasema. "Hiyo ulete kwa yatokanayo. Tunakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi."